Kaboni za kuchujia maji Mtwara: muulize muuzaji ililowekwa nini kabla haijachomwa

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnaishia aya ya kwanza. Kama una kioski cha maji ya kujaza au umefunga mashine ya RO nyumbani (ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba kutoa chumvi) na shida yako ni klorini, nunua kaboni, yani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kuchujia, ya vifuu vya nazi iliyochomwa kwa mvuke, zile chenga ngumu, nzito, zinazogoma kuvunjika ukizibana kwa kucha. Kama maji yako ya kisima kifupi au ya bwawa yana rangi ya kahawia, au wewe ni wa kukamua ufuta huko Lindi na unataka mafuta yang'ae, chukua ile nyepesi ya mbao iliyolowekwa asidi. Ile anayotengeneza mzee mmoja upande wa Mikindani nimeipenda kuliko nilivyotegemea na bei haiumizi, ila ina masharti ntayaeleza. Na hii ya nne, ya pakti, iliyoandikwa "imelowekwa ndimu", hela yako kanunulie samaki.

Mimi ni mama muuza maji, niko Magomeni hapa Mtwara mjini, najaza madumu. Maji yakitoka bombani yanapita filta ya mchanga, alafu tangi la faiba lililojaa kaboni, alafu ndo membreni ya RO, ule utando wenyewe. Kwa wasiojua, hiyo membreni haivumilii klorini kabisa, watengenezaji wenyewe wanataka maji yaingie na klorini chini ya miligramu 0.1 kwa lita, ikizidi hapo membreni inaliwa taratibu na huioni mpaka siku unapima maji unakuta chumvi inapita kama kawaida. Na membreni bei yake sio ya kuchezea. Kwaiyo kaboni kwangu sio ya kuleta ladha nzuri tu, ikizingua ndo biashara imezingua.

Sasa tuje dukani. Gunia la kwanza ni la kilo 25, limeandikwa limetoka India, vifuu vya nazi, saizi 8x30, iodini 1000. Saizi 8x30 maana yake chenga zake ni kati ya milimita 2.4 na 0.6 hivi. Iodini 1000 maana yake gramu moja ya hiyo kaboni inabeba miligramu elfu moja za iodini, na hiyo ndo namba wauzaji wanaitegemea kuliko zote. Kijana wa dukani ananiambia "iodini elfu moja dada, hapa umefika", nikamuuliza hii imechomwa kwa mvuke au kwa asidi, na hili la pembeni je, mbona jepesi hivi? Akajibu kwa ujasiri wote: "Dada, kaboni ni kaboni, we angalia namba."

Hapana bana. Ruangwa hapo wana grafiti, ile ya ndani ya penseli, nayo ni kaboni, na ni safi kuliko mkaa wowote utakaochoma wewe, lakini ukiweka kwenye filta haikusaidii kitu kwa sababu imelala matabaka kwa matabaka, haina vitundu. Filta inanunua vitundu. Kaboni nzuri ya maji ina eneo la ndani la mita za mraba elfu moja hivi kwa gramu moja, yani gramu saba tu ukizitandaza zinatosha uwanja wa Nangwanda Sijaona, eneo la kuchezea lote. Hilo eneo lote limejificha ndani ya vitundu, na vitundu havilingani. Wanasayansi wameviweka madaraja matatu: vidogo kabisa ni chini ya nanomita 2 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), vya kati ni nanomita 2 mpaka 50, vikubwa ni zaidi ya 50. Harufu, iodini, hivi ni vitu vidogo, vinaingia kwenye vitundu vidogo na vinashikwa vizuri humo kwa sababu kuta ziko karibu. Klorini nayo ni ndogo inaingia humo, ila yenyewe haishikwi tu, inavunjwa na kaboni inageuka kloridi. Rangi ya majani yaliyooza, rangi ya mafuta, rangi ya molasesi, hizo molekuli ni kubwa, kwenye kitundu cha chini ya nanomita 2 zinaishia mlangoni, na mbaya zaidi zinaziba mlango. Kwaiyo namba ya iodini inakwambia habari ya vitundu vidogo tu. Gunia linaweza kuwa na iodini 1000 na likashindwa kutoa rangi ya kahawia kwenye ndoo moja ya maji.

Na aina ya vitundu inaamuliwa na mambo mawili, umechoma nini, na umekitendea nini kabla au wakati wa kuchoma. Hapa ndo utamu ulipo, nivumilieni.

Hiyo ya gunia la kwanza ni njia ya mvuke. Vifuu vinachomwa kwanza bila hewa vinakuwa mkaa, alafu mkaa unapelekwa kwenye joto la digrii 800 mpaka 1000 unapigwa mvuke wa maji, mvuke unakula kaboni kidogo kidogo inaondoka kama gesi, na pale palipoliwa panabaki kitundu. Hakuna kemikali yoyote. Kifuu ni kigumu na kimeshonana, kwaiyo vitundu vinavyopatikana vingi ni vile vidogo kabisa, na chenga inabaki ngumu, unaweza kuisafisha kwa kurudisha maji kinyumenyume kila wiki na isigeuke unga. Mapungufu yake ni kwamba sehemu kubwa ya mkaa inaliwa mpaka upate vitundu vya kutosha, ndo maana bei iko pale ilipo. Mimi limenitoka laki mbili na kitu.

Gunia la pili ni vumbi la mbao, na hili limelowekwa asidi ya fosforiki kabla ya kuchomwa. Cha kwanza utakachogundua ni uzito. Ndoo ya lita 20 ya kaboni ya vifuu inafika kilo kumi hivi, ndoo hiyohiyo ya hii ya mbao ni kama nusu yake au juu ya nusu kidogo. Gunia ni kilo zilezile lakini limevimba, na wengine wanadhani wamependelewa kumbe wananunua uwazi, ambao kusema kweli ndo walichotakiwa kununua kama shida yao ni rangi.

Asidi inafanya nini humo ndani? Mbao au kifuu kibichi kimejengwa na selulosi na lignini, yani nyuzi na gundi inayozishikanisha. Ukikiloweka, asidi inapenya katikati ya nyuzi, inakata baadhi ya viungo, alafu inajibana yenyewe pale katikati, inaungana na nyuzi na kuzishikilia zisisinyae. Ukikichoma bila asidi, mali nyingi inaondoka kama moshi na lami na kilichobaki kinajikunyata. Ukikichoma na asidi lami inakuwa kidogo, mkaa unaobaki ni mwingi zaidi, na umbo linabaki limevimba. Ukimaliza unaosha kwa maji ya moto asidi inatoka, na pale ilipokuwa imekaa panabaki pako wazi. Ndo kitundu hicho. Kwa maana nyingine asidi ndo imekaa mahali pa kitundu wakati nyumba inajengwa, kwaiyo ukiweka asidi kidogo unapata vitundu vidogo, ukiongeza asidi kwa uzito uleule wa mbao vitundu vinapanuka vinakuwa vya kati, ukizidisha sana kuta zinakuwa nyembamba mno, vitundu vinaungana na chenga inakuwa laini inamomonyoka. Na joto lake ni dogo kuliko la mvuke, digrii 400 mpaka 500 na ushee zinatosha, ukipandisha zaidi ya hapo ile shikilia ya asidi inaachia, umbo linasinyaa na vitundu unavipoteza tena.

Niliyaelewa haya vizuri zaidi kwa yule mzee kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Anaishi upande wa Mikindani, aliwahi kufanya kazi kiwandani Dar, saivi ana uwanja wake wenye mapipa na vyungu na rundo la vifuu ambalo nadhani wauza nazi wote wa soko kuu wanamletea yeye. Nilienda na pakti ya ndimu mkononi, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu, akaichukua ile pakti akamwaga kidogo kwenye kiganja akanusa.

"Huu mkaa walioutia ndimu, waliutia ukiwa mkaa?"

Nikamwambia ndivyo walivyoandika, mkaa uliolowekwa maji ya ndimu masaa 24.

"Basi wamechelewa. Asidi inataka kitu kibichi mwanangu. Ukishakuwa mkaa hamna nyuzi tena humo, itashika nini?"

Hilo swali, kabla au baada, ndo swali la kumuuliza kila muuzaji. Video za kutengeneza kaboni nyumbani zimejaa kwenye simu, wanachukua mkaa wa jikoni, wanakamulia ndimu au wanamimina kloridi ya kalsiamu, wanaukausha kwenye oveni, wanasema tayari. Asidi ya ndimu ni dhaifu, na mkaa umeshaungua, kinachotokea ni kwamba majivu kiasi yanayeyuka yanatoka na vitundu vichache vilivyokuwa vimezibwa na majivu vinafunguka. Hiyo ni kuosha tu, vitundu vipya havijatengenezwa. Kuna kemikali moja inayofanya kazi kwenye mkaa uliokwisha kuchomwa, nayo ni hidroksidi ya potasiamu, ndugu yake ile kostiki ya watengeneza sabuni, lakini hiyo inataka digrii 700 mpaka 900, inakula kaboni na kutoa potasiamu yenyewe inayopenya katikati ya matabaka na kuyapanua. Matokeo yake ni balaa, eneo linaweza kuvuka mita za mraba 2,000 hata 3,000 kwa gramu, karibu yote vitundu vidogo. Ila inakula na tanuru pia, na ile potasiamu ikikutana na maji ghafla inawaka moto. Mzee nlipomtajia akacheka, akasema hiyo waachie wenye maabara.

Yeye anavyofanya: vifuu vinasafishwa makumbi yote, vinapondwa saizi ya punje za mahindi kushuka chini, vinalowekwa kwenye asidi ya fosforiki aliyoichanganya na maji, usiku kucha na zaidi, kwenye ndoo za plastiki. Vinaanikwa vikauke. Alafu vinaingia kwenye vyungu vya udongo vyenye mfuniko, vyungu vinakaa ndani ya pipa, moto unazunguka nje. Nilimuuliza kwa nini asiweke moja kwa moja kwenye pipa, akanionesha pipa la zamani limetobolewa limebaki wavu, asidi ya moto na bati haviendani. Ana kipimajoto cha waya, kile cha viwandani, anaangalia kisivuke 500. Mfuniko una tundu dogo la moshi, hewa haitakiwi kuingia maana ikiingia unatoa majivu badala ya kaboni. Ikipoa anaosha kwa maji ya moto, maji ya kwanza hayamwagi, yana asidi yake bado, yanarudi kwenye ndoo ya kulowekea. Anaosha na kuosha.

Nikamuuliza mbona asitumie maganda ya korosho na huku Kusini tumejaliwa hayo kuliko vifuu. Ganda la korosho lina mafuta yake, karibu robo ya uzito wa ganda, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, na yale mafuta yanazuia asidi isipenye, na ukichoma moshi wake unakutoa machozi wewe na jirani. Mpaka ganda likamuliwe mafuta kwanza ndo linafaa kulowekwa. Anasema akipata ya kiwandani yaliyokwisha kukamuliwa anajaribu, hayaji kila siku.

Ana aina mbili. Moja asidi uzito sawa na vifuu, moja asidi mara mbili ya vifuu. Hajaziandika chochote, ziko kwenye mifuko ya salfeti, moja imefungwa kamba nyekundu, na anauza elfu nne kwa kilo zote sawa, hapo ndo namlaumu maana hizi sio bidhaa moja.

Tuje kwenye kujaribu. Kipimo cha kweli cha eneo la ndani kinafanywa kwa gesi ya naitrojeni kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, kwa hesabu waliyoitoa Brunauer, Emmett na Teller mwaka 1938, ndo ile BET unayoiona kwenye karatasi za viwanda (Teller ndo huyohuyo wa bomu la haidrojeni). Mimi sina hiyo mashine, wewe pia huna. Lakini famasi kuna iodini na kuna GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na hizi mbili zinakupa picha nzuri sana, iodini ni molekuli ndogo, rangi ya zambarau ya GV ni molekuli kubwa. Moja inapima vitundu vidogo, nyingine inapima vya kati. Iodini iwe ile tincha ya kawaida, usichukue povidoni, ile imefungwa kwenye molekuli ndefu itakudanganya.

Ukifanya, saga kila kaboni kwenye kinu na upitishe kwenye kitambaa kilekile, maana unga mwembamba unanyonya haraka kuliko chenga na utasifia unga ukidhani unasifia vitundu. Na pima kwa mizani, sio kijiko, hii ya mbao ni nyepesi, kwa kijiko utaipunja. Mimi niliazima mizani ya sonara. Kila chupa maji sawa, kaboni gramu sawa, matone sawa, tikisa, acha ikae, chuja kwa pamba. Nikaongeza na mkaa wa kawaida wa jikoni kama wa kulinganishia.

Kaboni ya vifuu ya mvuke, iodini ilipotea kabisa. Nikadondoshea uji mwembamba wa muhogo kwenye maji yaliyochujwa kuona kama itageuka bluu, maana iodini ikikutana na wanga hata chembe inajionesha, na haikugeuka. Lakini GV? Ilibaki zambarau muda mrefu tu, ikafifia ikagoma hapo. Kaboni ya mbao ya asidi, GV ilikwisha nikiwa bado natikisa, maji meupe, na iodini nayo iliishika vizuri ingawa uji uligeuka rangi kidogo kwa mbali. Ya mzee ya asidi kidogo ilikuwa inafanana na ya mvuke ila GV ilipungua zaidi, ya kamba nyekundu yenye asidi mara mbili ilimaliza GV yote, ikachelewa kidogo tu kuliko ya mbao. Vifuu vilevile, vyungu vilevile, moto uleule, tofauti ni kiasi cha asidi tu, na ukiziweka chupa mbili dirishani unaiona kwa macho bila mashine. Kwa mimi nisiye na maabara hii ilinifurahisha sana kusema ukweli.

Pakti ya ndimu na mkaa wa jikoni sikuweza kuzitofautisha. Zote mbili zambarau, zote mbili uji wa bluu nzito.

Kasoro sasa. Kaboni iliyolowekwa asidi lazima ioshwe mpaka mwisho, na hapa ndo sharti la ya mzee. Mfuko mmoja niliochukua kwake, maji ya kwanza kupita yaligeuza karatasi ya pH, ile ya kupimia asidi, ikawa nyekundu waziwazi, asidi ilikuwa bado imebaki. Sio sumu ya kutisha kwa kiasi hicho, fosforiki ipo hata kwenye soda za kola, lakini maji makali hivyo yanakula mabomba na fosfeti inalisha uvundo ndani ya tangi. Nilimrudishia, akauosha tena mbele yangu bila kununa, ulipopimwa tena ikawa sawa. Mwombe akuoneshe karatasi kabla hujalipa, hakatai. Gunia la mvuke nalo lina kasoro ya upande wa pili, majivu ya kifuu ni ya magadi, kwaiyo maji ya kwanza yanapanda pH mpaka yana utelezi. Kuna aina ya mvuke inayooshwa kwa asidi baada ya kuchomwa kutoa hayo majivu, mfuko unaandikwa imeoshwa kwa asidi, na watu wanaichanganya na ile ya kulowekwa asidi. Hii ya kuoshwa vitundu vyake ni vya mvuke, asidi imefanya usafi tu. Ukiipata kwa bei isiyozidi sana chukua, utamwaga maji machache zaidi siku ya kwanza. Na duka moja hapa mjini, silitaji, waliniuzia gunia lililofunguliwa likafungwa upya, robo nzima unga, siku ya kuosha tangi maji yalitoka meusi mpaka jirani akauliza kama nafua nguo za kaniki. Angalia mshono wa gunia.

Pia kuna kaboni zinazolowekwa kloridi ya zinki. Inafanya kazi inayofanana na ya fosforiki, inanyonya maji kutoka kwenye nyuzi na kuacha nafasi, ukiongeza vitundu vinapanuka vilevile, lakini zinki isipooshwa vizuri inabaki humo, na maji machafu ya kuoshea unayapeleka wapi? Kwa maji ya kunywa mimi sichukui. Kuna mtu alinishauri kulowekea maji ya betri, yani asidi ya salfuriki, kwa sababu inapatikana gereji. Tafadhali sana. Inageuza kifuu kuwa cheusi haraka ukadhani kazi imekwisha kumbe vitundu ni vichache, na ya betri iliyotumika ina risasi. Na ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa mlio karibu na wachimbaji, kaboni iliyotoka kwenye elusheni, yani kule wanakoitoa dhahabu iliyonaswa kwenye kaboni, hata ukipewa bure usiweke kwenye maji, ile imekaa kwenye sayanidi. Ni kaboni nzuri ya vifuu kweli, ngumu, vitundu vidogo, ndo maana wenye dhahabu wanaitaka, ila imeshafanya kazi yake.

Swali ninaloulizwa sana na wateja wa Shangani na wa kule pwani ya Lindi, je itatoa chumvi ya kisima? Haitoi. Hakuna cha mvuke, cha asidi wala cha potasiamu, chumvi ikishayeyuka kwenye maji inapita kwenye kaboni kama haijaona mtu. Ugumu wa maji ule unaoacha ukoko kwenye birika nao unapita. Chumvi ni kazi ya RO. Na kaboni haiui vijidudu, ikikaa na maji yasiyo na klorini muda mrefu vinaweza kuzaliana humohumo, kwaiyo usiyapitishe maji kwenye kaboni ukanywa moja kwa moja kama chanzo huna uhakika nacho, chemsha au tia dawa.

Kwangu tangi la mbele ya RO nimeweka ya mvuke, na nitarudia kuinunua. Nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya wauzaji wasiojua wanachouza. Ya mbao ya asidi nyota nne kwa kazi ya rangi na moja tu kwenye tangi la kioski, ni laini, ukirudisha maji kuisafisha nyingine inaondoka na maji, itumie kama unga kwenye ndoo, unakoroga, unaacha itulie, unachuja. Ya mzee ya asidi kidogo nimempa dada yangu Ndanda kwenye filta ya ndoo, maji yao yana rangi kiasi na harufu ya majani, ameniambia harufu imeisha na rangi imepungua sana, saivi namtafutia ya kamba nyekundu amalizie rangi. Nyota tatu na nusu, aandike uzito wa asidi kwenye mfuko na aoshe zaidi namwongezea. Ukienda kwake nenda asubuhi, mchana anachoma na hapokei wageni, na chukua mfuko wako mwenyewe maana ile salfeti inavuja unga kwenye bodaboda.